Jiko la Pipa la Moshi: Ligonge, Lipime, Limulike Kabla Hujaliposti

Leo naongelea bidhaa moja tu, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe ili wewe usiirudie.

Mwaka jana niliposti jiko la pipa la kuchomea nyama kwa moshi. Mnayajua, yale marefu ya kusimama, mkaa unakaa chini, nyama inakaa juu, unafunika, moshi unatokea kwenye bomba. Picha sikupiga mimi. Niliichukua mtandaoni, jiko la Marekani jeusi linang'aa, nikaandika "tunatengeneza kwa oda, mikoa yote tunatuma". Kaka mmoja wa Dodoma akanitumia 280,000 yote kwa mkupuo. Alikuwa anafungua kibanda cha kuku. Nikaenda kwa fundi wa kwanza niliyemkuta hana kazi, nikampa 190,000, siku ya tatu jiko likawa tayari. Nikalipakia kwenye lori hapa hapa Dakawa, maana sisi tuko barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, magari hayaishi. Nauli 25,000 nikalipa mimi kwa sababu niliandika "usafiri bure". Nilijiona bosi.

Jumamosi jioni ikaja video. Moshi unatoka kwenye ukingo wa kifuniko, unatoka kwenye bawaba za mlango, unatoka kwenye matundu ya misumari, kila mahali isipokuwa kwenye bomba. Rangi imebabuka. Kuku nje mweusi kama mkaa wenyewe, akikatwa kwenye paja damu inachuruzika. Na sauti ya yule kaka, taratibu kabisa, hata hakunitukana: "Dada, hiki ni nini umeniuzia? Nina kuku ishirini wa watu hapa."

Nilirudisha 280,000 yake, nikalipa 25,000 nyingine jiko kurudi. Kwahiyo nilipoteza 240,000 na mtaji wangu wote wa duka ulikuwa haufiki milioni moja. Robo ya mtaji imeondoka na pipa. Lile jiko mpaka leo liko nyuma ya duka, naweka vifungashio humo.

Sasa mimi nimeishia kidato cha nne, ufundi sikusoma. Lakini niliona wazi kwamba nauza kitu nisichokijua. Nikamfuata mzee mmoja hapa kwetu, fundi wa kuchomelea, kazi yake kubwa ni mageti na matoroli ya watu wa skimu ya mpunga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Haya lete tulione hilo pipa lililokimbia Dodoma."

Alikuwa ameshasikia. Dakawa ndogo. Alilizunguka mara moja, akaligonga kwa kidole, akafungua kifuniko akakiacha kidondoke, halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu: "Moto wa hili jiko, bwana wake ni nani?" Nikamwambia mkaa. Akacheka. Akasema mkaa ni chakula tu, bwana wa moto ni hewa.

Hapo ndo pa kuanzia. Jiko la moshi la kusimama sio jiko la kuchoma la kawaida lililorefushwa. Kwenye jiko la kawaida moto uko wazi, nyama iko sentimita chache juu yake, wewe unageuza geuza. Kwenye hili, moto unabanwa. Hewa inaingia chini kwa matundu machache, inapita kwenye mkaa, joto na moshi vinapanda taratibu vinaizunguka nyama, vinatokea juu kwenye bomba. Joto linalotakiwa pale nyama ilipo ni nyuzi 110 mpaka 135 za Selsiasi, masaa kadhaa, bila kupanda na kushuka. Ukifungua matundu joto linapanda, ukiziba linashuka. Sasa kama jiko lina mianya kila upande, hewa inaingia inapotaka, mkaa wote unashika kwa pamoja, joto linapaa, kuku anaungua ngozi wakati mfupani bado mbichi. Yule kaka wa Dodoma hakukosea kupika. Jiko lenyewe halikuwa na namna ya kutii.

Kwahiyo ukiniuliza nini nakagua kwanza kabla ya urembo wote, nakagua mianya. Na kipimo chake hakina gharama. Subiri usiku, au ingiza jiko chumba chenye giza. Washa tochi ya simu, iweke ndani ya pipa, funga kifuniko, funga mlango wa mkaa, ziba matundu ya hewa na bomba. Zunguka polepole. Popote unapoona mwanga, moshi utapita hapo na hewa itaingia hapo. Mara ya kwanza nilipofanya hivi kwa lile jiko langu, lilionekana kama kanisa usiku wa Krismasi.

Mwanga mwembamba kwenye ukingo wa kifuniko unaweza kuvumilika, kwa sababu mafuta na masizi vitaziba hapo baada ya kutumika mara kadhaa. Lakini kwenye mlango wa chini, usivumilie. Ule mlango ndio ugonjwa wa majiko mengi ya kwetu. Fundi anakata kipande cha pipa, halafu kipande kile kile anakifanya mlango. Ukikata chuma kwa grainda unapoteza milimita mbili tatu kila upande, kwahiyo mlango hauwezi kuziba tundu lake, lazima ubaki mwanya. Mlango mzuri una fremu: bapa za chuma zimechomelewa kuzunguka tundu kwa ndani ili mlango uzilalie, na una komeo linalouvuta ubane, sio kulegea legea. Mzee wangu yeye anasema kama mteja halazimishi, mlango usiwepo kabisa. Kikapu cha mkaa unakitoa kwa juu. Mlango usiokuwepo hauvuji.

Kipimo cha pili cha mianya ni cha moto wenyewe. Washa mkaa ushike vizuri, funika, halafu ziba kila kitu, matundu ya chini na bomba. Jiko lililojengwa vizuri linazima lenyewe, na kesho ukifungua unakuta mkaa uliobaki unafaa kuwashwa tena. Jiko bovu utakuta majivu matupu. Hiki kipimo ukimweleza mteja anakuelewa haraka kuliko maneno yote, kwa sababu kila mtu anajua bei ya gunia la mkaa sasa hivi.

Tuje kwenye pipa lenyewe. Hapa naomba msome taratibu, hapa kuna afya za watu.

Majiko mengi yanatokana na pipa la chuma la lita 200, kipenyo kama sentimita 57 na urefu kama 88. Ni umbo zuri sana kwa kazi hii, kana kwamba lilitengenezwa kwa ajili yake. Shida ni lilibeba nini. Pipa la mafuta ya kula, la juisi nzito au la asali halina neno. La oili ya injini linafaa likichomwa vizuri. Pipa la kemikali, la sumu ya wadudu au la magugu, hapana. Hata uoshwe na sabuni ya dunia nzima. Vyombo vya viuatilifu havirudishwi kwenye matumizi ya chakula kwa namna yoyote. Tazama ubavuni: alama ya fuvu la kichwa, au ile ya mti mkavu na samaki aliyekufa, acha. Na kama lebo imekwanguliwa, acha pia. Nilishaletewa mapipa manne ya bluu kwa bei ambayo ilikuwa nusu ya bei ya mjini, lebo zote zimekwanguliwa kwa kisu, nikamuuliza muuzaji yalibeba nini, akasema "dada we si unataka pipa?" Nilitaka pipa. Faida ya mapipa manne ilikuwa inaonekana kabisa, na ndo kwanza nilikuwa natoka kwenye hasara ya Dodoma. Nikamwambia aondoke nayo. Usiku ule nilihesabu ile faida mara mbili kitandani, sitadanganya.

Ndani ya mapipa mengi kuna rangi nyembamba, nyekundu ya kahawia au ya dhahabu. Ile ni ya kuzuia pipa lisiliwe na kilichomo. Haitakiwi kukutana na nyama. Fundi anatakiwa kulichoma pipa kwa moto mkali wa kuni, mahali pa wazi, mpaka rangi ya ndani na ya nje iishe, halafu asugue kwa brashi ya waya au msasa mpaka chuma kionekane. Ukipitisha kiganja ndani kisitoke na unga wa rangi. Fundi akikwambia "itaungua yenyewe akishaanza kupika", ina maana itaungua kwenye kuku wa mteja.

Na usimsimamie fundi akate pipa lililofungwa pande zote ambalo lilikuwa na mafuta au spiriti bila kulisafisha. Mvuke unaobaki ndani unaweza kulipuka grainda ikitoa cheche. Mzee wangu analijaza maji karibu na pale anapokata. Ukiweza, tafuta pipa lenye kifuniko chake na ringi ya kubana, mdomo wake ni duara safi na kifuniko kinakaa.

Unene. Wengi tunagonga tu, tunasema "zito hili". Kugonga kunasaidia, chuma chembamba kinalia kama debe, kinene kinaitika kwa sauti ya chini. Lakini mimi napima kwa mizani. Hapa Dakawa mizani ya mpunga iko kila ghala, unaomba tu. Chuma cha milimita 1 mita ya mraba moja ina kilo karibu 8. Pipa zima na mifuniko yake ni kama mita za mraba 2. Kwahiyo pipa la milimita 1 linakuja kilo 16 hivi, la milimita 1.2 linafika 19 au 20, na fundi akikunja bati la milimita 2 kwa umbo lile lile utapata kilo 33 hivi. Ukipima pipa zima, kabla halijakatwa na kuwekwa miguu, ukakuta kilo 13, hilo ni jembamba, litapinda kwa joto na kutoboka kwa kutu mapema. Pima kwanza, ndo ulipe.

La milimita 2 ni bora, linatunza joto, upepo haulisumbui. Lakini ni zito na bei yake mteja wa kawaida wa nyumbani haiwezi. Mimi nauza zaidi la milimita 1.2 kwa watu wa nyumbani, na la 2 kwa mwenye kibanda anayewasha kila siku. Nawaambia wazi tofauti. Wengi wa vibanda wakishaelewa wanachagua la 2.

Matundu ya hewa na bomba vina hesabu ndogo. Kinachotoka lazima kisizidiwe na kinachoingia, la sivyo moshi unaganda ndani na nyama inakuwa chungu. Pipa la lita 200 linaenda vizuri na matundu manne ya chini ya robo tatu inchi, moja moja lina kifuniko cha kusukuma. Manne hayo kwa pamoja ni kama sentimita za mraba 11. Bomba la inchi 2 juu ni kama 20. Limezidi, safi. Yule fundi wa kwanza alinitobolea matundu kumi na mawili chini na bomba la inchi moja juu. Ninyi pigeni hesabu wenyewe.

Kikapu cha mkaa kiwe na miguu ya kama sentimita 7, majivu yapate pa kushukia, yasipopata yanaziba matundu na moto unakufa katikati ya kazi. Kutoka chini ya kikapu mpaka wavu wa juu iwe sentimita 60 au zaidi. Hapa mafundi wanapenda kubana ili waweke nyavu tatu, nne, jiko lionekane linabeba nyingi. Wavu wa chini kabisa unaishia juu ya moto na kila kitu kinaungua. Nyavu mbili zinatosha. Chini yake uombe bati pana au sufuria ya maji: linakinga mafuta yasidondokee mkaa na kuwasha ndimi za moto, na maji yanasaidia joto lisirukeruke.

Wavu wenyewe uwe wa chuma cha kawaida au cha pua. Usiwe wa zinki! Ule wa banda la kuku, na lile bati jipya lenye maua maua ya kumetameta, vimepakwa zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na mkaa uliokolea unapita hapo bila shida, hasa kwenye kikapu. Moshi wake unaleta homa, kichwa na kichefuchefu, waulize mafundi wa kuchomelea watakwambia. Kwenye bei tofauti ni ndogo, ndo maana inauma mtu akiweka zinki kuokoa elfu tano.

Rangi sina mengi. Nje ipakwe rangi inayostahimili joto, ndani isipakwe kitu. Ndani unapaka mafuta ya kula kidogo, unawasha moto wa wastani masaa mawili matatu bila nyama, chuma kinakuwa cheusi chenyewe na hakishiki kutu. Hiyo kazi naifanya mimi kabla ya kutuma. Mteja apokee jiko ambalo limeshawahi kuwaka.

Kipimajoto kiwekwe usawa wa wavu wa nyama, sio juu kabisa ya kifuniko, joto la juu ni jingine. Kabla hujakifunga kichovye kwenye maji yanayochemka, kisome kama 100. Nimeshakuta kinachosoma 70. Na ukiweza uza pamoja na kile kidogo cha kuchoma kwenye nyama, maana kuku ameiva akifika nyuzi 74 ndani ya paja karibu na mfupa. Rangi ya nje kwenye jiko la moshi inadanganya pande zote mbili.

Wateja wataniuliza kuni gani za moshi, na wewe watakuuliza. Vipande vikavu vya mwembe au mpera, viwili vitatu juu ya mkaa, basi. Mbao za msonobari hapana, utomvu wake unachafua nyama kwa masizi machungu. Mbao zenye rangi au dawa hapana kabisa. Moshi mzuri ni mwembamba, karibu hauonekani, una ubluu. Ule mweupe mzito ambao watu wanapenda kuuweka kwenye video ni moto ambao haujakaa sawa. Na andika kwenye kila oda: jiko litumike nje. Hewa ya mkaa inaua watu vyumbani.

Kwenye kuposti nimebadilika hivi. Picha napiga mwenyewe, jiko lile lile ninalouza, pembeni nimeweka ndoo ya lita 20 ili mtu aone ukubwa. Naweka video ya tochi usiku, sekunde kama 30, nalizunguka lote. Naweka picha ya pipa kwenye mizani, namba inasomeka. Naandika pipa lilibeba nini. Bei yangu sasa ni 340,000 kwa la 1.2, na kuna watu wananiambia mjini Morogoro wanapata kwa 200,000. Namjibu mtu kwa heshima, kaka nenda kaangalie, lakini nenda usiku na simu yenye tochi. Wawili walienda wakarudi. Mmoja hakurudi, labda alipata zuri, yapo.

Malipo nachukua nusu kwanza ili fundi anunue vifaa, nusu nyingine mteja akishaona video ya jiko lake likiwaka. "Usafiri bure" nilishafuta. Nauli naiandika peke yake, na miguu inafungwa kwa nati ili ifunguliwe safarini, kwa sababu kwenye lori jiko linalazwa na miguu iliyochomelewa inapinda au inatoboa pipa.

Yule kaka wa Dodoma nilimtumia video ya tochi ya jiko la kwanza tulilotengeneza na mzee. Sikumwomba anunue. Akakaa kimya wiki tatu. Halafu akaandika: "Dada, hilo la milimita 2 unalitoa bei gani? Ila nalifuata mwenyewe." Alikuja na basi la asubuhi, akashukia hapa njia panda, akalizunguka jiko kweupe mchana akasema hauoni kitu. Tukaliingiza kwenye ghala la mpunga la jirani, tukafunga milango, akawasha tochi yake mwenyewe. Kulikuwa na mwanga kidogo karibu na bomba. Mzee akaja na mashine yake akaziba pale pale, tukasubiri lipoe, tukarudia.